Kutoka Kipilefti Hadi Kulefti

Juma lililopita mpwa wangu alikuwa njiani kuja Arusha kutoka Nairobi. Anaendesha mwenyewe, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mpaka wa Namanga. Alipokaribia mjini akaegesha gari kando ya barabara, akanipigia simu nimwelekeze. Nikamwelekeza kama ninavyomwelekeza kila mtu: njoo moja kwa moja, ukifika kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa, shika mkono wa kulia.

Simu ikawa kimya kidogo. "Shangazi," akasema, "kipilefti ndiyo nini?"

Nikamwambia ni pale magari yanapozunguka duara. "Aa, raundabauti!" Akacheka, akashukuru, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile. "Lakini shangazi, jina la mahali penyewe linasema nishike kushoto. Mbona wewe unaniambia nishike kulia?"

Leo basi nina neno moja tu la Kiingereza mezani, neno la herufi nne: "left". Kamusi hulimaliza kwa mstari mmoja, kwamba ni kushoto. Lakini neno hili limetembea sana kabla ya kutufikia, na lilipofika kwetu liliingia kwa mlango ambao hakuna mwalimu aliyeufungua.

Mtu aliyelelewa na Kiingereza cha darasani hawezi kusikia kipilefti bila kusikia maneno mawili ndani yake. "Keep" ni shika, dumu, usitoke. "Left" ni kushoto. Ndiyo maandishi waliyoyasimika Waingereza kwenye makutano ya duara: ukiingia hapa, shika kushoto. Lakini wengi waliopita pale kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mikokoteni hawakuwa na Kiingereza. Waliona duara, wakaona kibao, na kila penye duara kibao kilikuwa kilekile. Maandishi yakawa jina. Nani awalaumu? Ukikuta neno moja limeandikwa kwenye milango ya maduka matano yanayouza kitu kimoja, utaamini kwamba hilo ndilo jina la kitu hicho.

Hapo Kiswahili kikashika kazi yake. Sikio la Mswahili likikuta "ki" mwanzoni mwa neno linaijua ngeli, halingoji kuambiwa. Kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Kipilefti hiki kimejengwa vizuri, vile vya zamani vimebomolewa kupisha taa. Ndivyo tulivyolifanyia neno la Kiarabu, kitabu, ambalo kwao "ki" ni sehemu ya mzizi wenyewe, sisi tukapata vitabu. Ndivyo kilabu kilivyozaa vilabu. Na ukitaka kuona jambo hili likienda upande wa pili, nenda kwa fundi baiskeli umuulize habari za madigadi. Waingereza walileta neno moja lenye "ma" mwanzoni, kwao ni neno la tope. Sisi tukasikia wingi, na kwa kuwa kila wingi una umoja wake, tukapata digadi: digadi la mbele na digadi la nyuma. Mimi hushangilia kila ninapoliwaza hili. Kitu kigeni kinaingia nyumbani, na kabla hakijakaa kimeshapewa kanga ya kuvaa.

Na mpwa wangu nilimjibuje? Nilimwambia vyote viwili ni kweli. Kwetu sisi tunaoendesha upande wa kushoto, anayeingia kwenye kipilefti lazima ashike kushoto, azunguke kama mishale ya saa inavyozunguka, hata kama safari yake ni ya kulia. Anayekwenda kulia huanza kwa kushoto. Akikata kulia moja kwa moja atagongana uso kwa uso na wenzake. Kwa hiyo kile kibao hakikuwa kinakuelekeza uendako. Kilikuwa kinakuonya jinsi ya kuingia.

Sasa tulifungue neno lenyewe.

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Waingereza wa kale walikuwa na neno "lyft". Lilimaanisha dhaifu, hafifu, kisicho na faida. Limehifadhiwa ndani ya jina la ugonjwa, "lyftadl", yaani kupooza, ule udhaifu unaoangusha kiungo kikaning'inia. Wakati huo mkono wa kushoto hawakuuita hivyo. Waliuita "winestre", jina lililojengwa juu ya neno la rafiki, kana kwamba wanasema mkono ulio rafiki zaidi. Wa kulia nao waliuita kwa neno lenye maana ya ulio na nguvu zaidi. Ilipofika karibu na mwaka 1200, lile neno la udhaifu likawa limeanza kushika nafasi ya lile la urafiki. Na umbo tunaloliona leo, lenye "e" katikati, ni matamshi ya watu wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambayo ndiyo yaliyoshinda.

Utaniuliza, kwa nini mkono wa kushoto uitwe rafiki? Wagiriki wa kale walifanya vilevile: neno lao moja la kushoto, "aristeros", limejengwa juu ya neno la bora. Watu hawapambi hivi kitu wanachokipenda. Hupamba wanachokihofia. Bibi yangu hakumtaja nyoka usiku hata mara moja. Alisema kamba, na sisi watoto tukajua ni kamba ya aina gani, tukainua miguu kitandani. Rafiki wa Waingereza na bora wa Wagiriki ni kamba ya bibi yangu. Kushoto kulidhaniwa kuwa upande wa nuksi, ndege wa kushoto akitabiri mabaya, kwa hiyo ukatafutiwa jina la kuubembeleza.

Warumi hawakubembeleza sana. Kushoto kwa Kilatini ni "sinister", na Kiingereza kililichukua neno hilo likiwa na giza lake lote: leo kwao ni kitu chenye shari, chenye nia mbaya iliyofichika. Kwa Kifaransa kushoto ni "gauche", na Waingereza wakalichukua nalo, wakalitumia kwa mtu asiyejua adabu za mezani. Upande wa kulia ukapata thawabu. "Right" ni kulia, na papo hapo ni sahihi, na papo hapo ni haki ya mtu. Mtoto wa Kiingereza anajifunza neno moja kwa ajili ya mkono, jibu la hesabu, na haki za binadamu. Mtoto wa kushoto anajifunza lugha hiyohiyo.

Mimi nimeitazama lugha yetu kwa jicho hilo, na nimekuta jambo linalonifurahisha pamoja na jambo linalonisikitisha.

Linalonifurahisha ni kulia. Tunalitamka kila siku hatulisikii. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula: kula, kulia, kwa kijiko cha nani, kwa mkono upi. Jina limetaja kazi tu. Halikusema huu ni mkono wa haki wala mkono sahihi. Na hatuko peke yetu. Waganda husema "ddyo", neno lililotoka kwenye mzizi huohuo wa kula. Wazulu kule kusini husema "isandla sokudla", mkono wa kulia kabisa, neno kwa neno. Umbali wote ule, na ndugu bado wanautaja mkono kwa tonge. Hata tulipochukua neno la Kiarabu, yamini, lenye maana ya kulia na pia kiapo, tulisema mtu anakula yamini. Hata kuapa tumekula.

Linalonisikitisha ni majina ya zamani. Mkono wa kulia uliitwa pia mkono wa kuume, na bado utalikuta neno hilo katika Biblia ya Kiswahili. Ukiwa na kuume utatarajia mwenzake, na alikuwepo: mkono wa kuke. Mwanamume akapewa mkono wenye nguvu, mwanamke akapewa ule mwingine. Mkono wa kuke umekaribia kufa midomoni mwa watu, na mimi sitauombea ufufuke. Kushoto, hilo tunaloishi nalo leo, linajisemea lenyewe tu. Tunasema fulani ana shoto, fulani ni mashoto, na neno linaishia hapo. Halina udhaifu ndani yake kama lile la Kent, halina shari kama lile la Kirumi. Neno ni safi. Uchafu tumeuweka sisi katika mwenendo wetu.

Maana unajua mwenyewe tulivyo. Ukimpa mtu chenji kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umebeba mzigo, lazima uombe radhi: samahani, mkono wa kushoto. Kwa mkubwa ni vibaya zaidi. Kwake unatoa kwa mkono wa kulia na kuushika kiwiko kwa wa kushoto. Msikitini unaingia kwa mguu wa kulia, msalani unaingia kwa wa kushoto. Dini zetu kubwa mbili zote zimewaweka waliookoka upande wa kulia siku ya hukumu. Na mkono wa kushoto una kazi yake ya faragha ambayo sina haja ya kuitaja hewani. Adabu hizi nazijua, nimelelewa nazo, na nawaombeni radhi wazee kama mtaona nazigusa. Sizigusi. Ninachokisema kinahusu mtoto aliyezaliwa na shoto, na wapo: takriban mtu mmoja katika kila 10 duniani.

Mdogo wangu wa kike ni mmoja wao. Tulipokuwa wadogo, mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, ambaye sitamtaja wala kuitaja shule, alimfunga mkono wa kushoto kwa mtandio wake mwenyewe, akaufunga nyuma ya kiti, ili alazimike kuandika kwa wa kulia. Nilimwona kupitia dirishani. Kalamu ilikuwa inatetemeka, herufi "a" yake imelala ubavu, na kamasi zimemshuka kwa kuwa alikuwa analia na hana mkono wa kujifutia. Nyumbani hakuna aliyelalamika, maana nyumbani nako alipigwa kofi la mkono kila aliponyoosha wa kushoto kwenye sinia. Mpaka leo anaandika kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayechora. Nilipomwona Barack Obama kwenye televisheni mwaka 2009, mtoto wa baba kutoka Kogelo, akitia saini zake za kwanza za urais kwa mkono wa kushoto, nilimpigia simu mdogo wangu. Sikumweleza sababu. Nilimwambia tu, fungua taarifa ya habari.

Tutoke nchi kavu kidogo, twende baharini, kwa sababu mabaharia walichoshwa zamani na kushoto na kulia. Ukikaa umeelekea tezi, kushoto kwako ni kulia kwa aliyeelekea omo, na katika dhoruba hakuna muda wa kuuliza kushoto kwa nani. Waingereza walikuwa na maneno mawili ya pande za chombo, na yalifanana mno kwa sauti: "starboard" kwa kulia, yaani upande wa kasia la usukani, na "larboard" kwa kushoto. Katika kelele za upepo nahodha akasema moja, mshika usukani akasikia jingine. Mwaka 1844 jeshi lao la majini likaamuru "larboard" liachwe, liitwe "port", upande ambao chombo kiliegeshwa bandarini ili kasia la kulia lisigonge gati. Manahodha wetu wa majahazi walikuwa na dawa yao. Walitaja pande kwa upepo: goshini ni kule unakotokea, demani ni kule unakokwenda. Upepo hauna kushoto kwako na kushoto kwangu. Kila aliyemo chomboni unamjia kutoka upande uleule.

Na tukiwa bado kwenye vyombo, kuna neno moja la siasa nataka kulipitia upesi. Mwaka 1789, katika baraza la taifa la Ufaransa, waliotaka mfalme aendelee kuwa na nguvu ya kuzuia sheria walikaa kulia kwa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa kushoto. Viti vile vimekwisha kuoza lakini mpangilio haujaondoka, na Kiingereza kiliuchukua mwaka 1837, Thomas Carlyle alipoandika historia ya mapinduzi hayo. Sisi tunasema mrengo wa kushoto. Waingereza kwao ni bawa la ndege. Kwetu mrengo ni mti ule unaotoka ubavuni mwa ngalawa kushika matengo, ili chombo kisipinduke. Kila upande una wake. Aliyeteua neno hilo aliijua ngalawa.

Turudi barabarani, kwani huko ndiko neno letu lilikotujia. Uingereza iliweka shika-kushoto katika sheria ya barabara mwaka 1835, na ilikokwenda kutawala ilikwenda nayo. Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika zikawa za kushoto. Sasa angalia ramani upande wa magharibi. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja chini ya Wajerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zikagawanywa, Tanganyika kwa Mwingereza, mbili zile kwa Mbelgiji, na Mbelgiji anaendesha kulia. Kongo nayo ilikuwa yake. Vita ya wazungu ikatuamulia upande wa barabara.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, nenda Rusumo, mpakani na Rwanda, kwenye daraja la mto Kagera. Lori limetoka Dar es Salaam na kontena la Kigali, limepita Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, siku nzima na zaidi likishika kushoto. Ng'ambo ya daraja lazima lishike kulia. Usukani bado uko kulia, ulikokuwa. Sasa dereva amekaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita gari la mbele haoni kitu. Hapo ndipo utingo anapogeuka kuwa macho ya dereva. Anatoa kichwa dirishani upande wa kushoto, anatazama mbele, anasema bado, bado, subiri, haya twende. Maisha ya watu wawili na mzigo wote ule yako kwenye neno la kijana wa kushoto. Dereva mmoja mzee aliniambia kwamba mikono hubadilika upesi. Kinachochelewa ni shingo. Ukitaka kuvuka barabara kwa miguu upande ule, shingo inageuka kwanza kulia kama ilivyozoea, na gari linatokea kushoto.

Kuna nchi zilizogeuza upande kwa siku moja. Uswidi ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967. Samoa ikahama kutoka kulia kwenda kushoto tarehe 7 Septemba 2009, kwa sababu ninayoielewa sana: magari ya bei nafuu kutoka New Zealand na Australia yana usukani kulia. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani, ambako nako wanashika kushoto, hatuwezi kuwacheka.

Haya, nimesema kwamba "left" liliingia kwetu kwa kibao. Limeingia tena mara ya pili, na safari hii ni kupitia simu.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, tukiwa katikati ya kupanga mahari ya binti mmoja, tuliona mstari mdogo wa kijivu: jina la baba mkubwa, na mbele yake neno "left". Grupu zima likanyamaza. Dakika mbili baadaye simu zikaanza. Baba mkubwa kalefti! Nani kamuudhi? Mmoja akasema ni ule ujumbe wa mchango. Mwingine akasema hapana, ni kwa kuwa hatukumsalimia asubuhi. Mjomba akapanda bodaboda usiku ule kwenda kumwomba msamaha kwa niaba ya wote. Akamkuta barazani anasikiliza redio. "Baba mkubwa, umelefti?" Mzee akamtazama. "Nimelefti nini? Sijaondoka popote. Nipo hapa tangu magharibi." Alikuwa anatafuta pa kubonyeza ili aone picha ya bwana harusi.

Neno hili la pili linaandikwa sawa na lile la kwanza, linatamkwa sawa, lakini si ndugu. Lile lilitoka kwenye udhaifu. Hili limetoka kwenye kitenzi cha kale cha Kiingereza, "laefan", kuacha kitu nyuma, kukibakiza. Ndiyo maana kwa Kiingereza "left" ni aliyeondoka na pia ni kilichobaki. Mtu akiondoka amefanya "left", na wali uliosalia sufuriani nao ni "left". Kwetu kuondoka na kubaki ni maneno mawili yanayopeana mgongo. Kwao yamelala kitanda kimoja.

Na tazama tulivyolifanya. Kwa Kiingereza umbo hilo ni la jambo lililokwisha kutendeka, halivuki hapo. Huwezi kulipeleka kesho. Sisi tukalichukua likiwa limekauka, tukalimwagia maji: nalefti, nitalefti, usilefti kwanza, wasipolipa tutalefti wote. Tena halibadilishi mwisho. Tunasema silefti kama tunavyosema sisafiri, sifikiri, sirudi, yale yaliyotujia na Waarabu zamani. Lilipofika lilikuta benchi lenye wageni wenzake wanaoishia na "i", likaketi.

Wapo walimu wa lugha watakaoniandikia baada ya kipindi hiki kunikemea. Niseme ninapopasimamia. Kipilefti nakitetea bila kusita. Kina umri, kina ngeli, kina kazi isiyofanywa na neno lingine kwa ufupi huo, na mtoto wa Arusha anakijua kabla hajaijua hata herufi moja ya Kiingereza. Kulefti sitaliandika kwenye muhtasari wa kikao, kwa kuwa tuna kujitoa, na kujitoa kunaeleza zaidi: mtu amejitoa mwenyewe, hakutolewa. Lakini sitamsahihisha mtu anayelitumia barazani. Neno halijaingia kwa kiburi cha msomi anayetaka kuonekana. Limeingia kwa watu kusoma kilichoandikwa mbele yao na kukipa maana, kama walivyosoma kile kibao.

Mdogo wangu yule wa shoto sasa ni fundi cherehani, Tanga, barabara ya 15. Miaka yote hiyo amekatia mkasi wa kawaida kwa mkono wa kulia na kuchora chaki kwa wa kushoto. Wengi hawajui kwamba mkasi una mkono. Ukiushika wa kawaida kwa mkono wa kushoto, nguvu ya vidole inayasukuma makali yake yatengane badala ya kubanana, kitambaa kinajikunja katikati yake kama ulimi, na makali ya juu yanauficha mstari wa chaki. Unakata bila kuona unapokata.

Mwezi uliopita binti yangu alimletea mkasi kutoka ng'ambo, umo kwenye kijisanduku chembamba. Nilikuwepo. Mwanafunzi wake mmoja wa ushonaji, msichana wa miaka kama 16, akakichukua kijisanduku akasoma kilichoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. "Mama, umeandikwa left. Huu si umebaki dukani?"

Mdogo wangu akamwambia autoe aujaribu. Msichana akautia vidole vya mkono wa kulia, akaingiza kwenye kitenge, akabana. Kitenge kikajikunja. Akajaribu tena pembeni, kikajikunja tena.

"Mama, haukati."

Mdogo wangu akanyoosha mkono wa kushoto, akaupokea. Aliweka kitenge sawa mezani, akatafuta mstari wa chaki, akaanza. Mkasi ukaenda kwa sauti ile ya kitambaa kizuri kinapopasuka sawasawa, kutoka ukingo mpaka ukingo, meta moja na nusu, bila kusimama.